Kiti cha Kilburn

Watanzania wa London walimcheka Gaudensia kwa jambo moja tu, nalo ni somo lake. Alipofika mwaka 1990 kutoka Dar es Salaam kusomea shahada ya pili ya historia, kila aliyekutana naye kwenye arusi na misiba alitarajia kusikia kwamba anaandika juu ya Wajerumani, au Maji Maji, au angalau kahawa ya kwao Bukoba. Kumbe alikuwa anaandika jinsi mabunge ya majimbo ya Marekani yalivyochagua maseneta, zama zile nchi hiyo ilipokuwa bado changa.

"Mhaya wa watu," walimtania, "umepanda ndege mpaka Uingereza kuja kusoma kura za Wamarekani waliokwisha kufa?"

Alicheka nao, lakini alijua anachokitafuta. Nyumbani mjadala wa vyama vingi ulikuwa umepamba moto, na swali moja lilimkaa rohoni: nani amchague nani? Mwananchi apige mwenyewe kura ya kila cheo, au awachague wachache anaowafahamu, na hao wachache wakae chini wamchague wa juu yao? Kwa upande wa Seneti, Wamarekani wale wa mwanzo walishika njia ya pili. Raia alichagua wajumbe wa bunge la jimbo lake. Wajumbe hao ndio waliochagua maseneta wawili wa kwenda kulisemea jimbo. Gaudensia aliipenda njia hiyo. Aliona uzuri wa watu wanaojuana, wanaotambua nani mkweli na nani domo tupu, kukaa chumba kimoja na kumpima mtu kabla ya kumpa dhamana.

Mtu mmoja tu, ukiwaacha walimu wake, aliisoma tasnifu ile mwanzo hadi mwisho. Huyo alikuwa Deus. Walisoma pamoja Mlimani, na alipokuja London mwaka 1993 alilala sebuleni kwa Gaudensia na mumewe, katika nyumba ya kupanga kule Kilburn, mpaka alipopata kazi kwenye kampuni ya kupangisha nyumba na chumba chake mwenyewe. Jioni zile Gaudensia akiosha vyombo, Deus alikuwa anafuta huku anabisha. "Hawa wakubwa wako wa majimbo," alisema, "si wangekula njama tu kwenye korido?" Gaudensia alimjibu na mikono yake ina povu, na ubishi wao ulimfurahisha kuliko sifa za profesa yeyote. Angel, binti yake, alipobatizwa akiwa tayari anatembea, Deus ndiye aliyesimama kuwa baba wa ubatizo. Mume wa Gaudensia aliporudi Tanzania asionekane tena, Deus alikuja kila Jumapili baada ya misa. Hakuja na maneno ya faraja. Alikuja na samaki, akamkaangia mtoto.

Gaudensia akapata kazi ya kufundisha historia katika shule ya sekondari. Watoto wa Kiingereza aliwamudu. Aliyemshinda alikuwa wake mwenyewe. Bibi alipopiga simu kutoka Bukoba, Angel alielewa kila neno la Kiswahili, ila alijibu kwa Kiingereza, sentensi fupifupi, akamrudishia mama yake simu kama kitu cha moto. Siku moja Gaudensia alimsikia mama yake upande wa pili akisema taratibu, "Basi, mwache mtoto, asione taabu." Sauti ile ilimchoma. Wiki ileile akaanzisha shule ya Kiswahili ya Jumamosi, pale pale sebuleni, kwa watoto wachache wa majirani.

Shule ikakua. Angélique, mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, alileta wanawe watatu kwa basi kutoka Tottenham kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Kutoka Kenton akaja Praful, Mhindi aliyezaliwa Mwanza na mwenye duka la vitambaa, akiwa na wajukuu wake. Sebule ikashindwa. Kwa bahati nzuri, mwaka 1997 halmashauri ya mtaa ilikubali kuwapa Waswahili wote wa kaskazini mwa London ukumbi wa zamani wa matofali kule Kilburn, kwa sharti wawe na umoja ulioandikishwa, wenye katiba na viongozi.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mkutano wa kwanza wa kuchagua viongozi uliisha kwa viti kurushwa. Waliokuwa wengi walitaka wachukue kila kitu, Wakongomani walihofia kumezwa na Watanzania, na wazee waliona wanazimwa na vijana. Gaudensia alisimama katikati ya kelele zile akasema, "Nipeni nafasi niandike kitu."

Alichoandika kila mtu alikielewa, japo si kila mtu alijua kimetoka wapi. Umoja ungekuwa na matawi matatu, Kilburn, Tottenham na Kenton. Kila tawi lingekuwa na kamati mbili, ya wazee na ya familia. Wanachama wangechagua kamati zao, na kamati hizo ndizo zingechagua wajumbe wawili wa kukaa Baraza Kuu kwa miaka minne. Tawi dogo na tawi kubwa, yote wajumbe wawili wawili.

Mzee Mbarouk wa Tanga, kiongozi wa wazee wa Kilburn, aliinua fimbo yake. Alikuwa mtu mkavu lakini wa haki. "Binti yangu, mjumbe wetu akishafika huko juu akatugeuka, tunamrudishaje?"

"Hatumrudishi, mzee wangu," Gaudensia alijibu. "Mjumbe anayeweza kuitwa nyumbani kila siku anakuwa tarishi. Tunamchagua kwa sababu tunaamini akili yake. Muda wake ukiisha na tumeona ameboronga, hatumpi tena."

"Na sisi kamati mbili tukitofautiana?"

"Tutakaa tuzungumze. Tunajuana hapa."

Deus alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Ni kweli walijuana. Kiti cha kwanza cha Kilburn alipewa mkunga mmoja mstaafu, na hakuna aliyepinga. Kiti cha pili ndicho kilichowagawa. Ilikuwa mwaka 1999, na Baraza lilikuwa likijiandaa kuamua matumizi ya ukumbi. Wazee walitaka Jumamosi ziwe za arusi, hitima na vikao vya misiba, kwani ndiyo siku watu hawapo kazini. Na mtu akifiwa ugenini, walisema, anahitaji pa kukaa na watu wake. Kamati ya familia ilitaka Jumamosi zibaki za shule. Wazee wakamsimamisha Mzee Mbarouk. Kamati ya familia ikamsimamisha Gaudensia.

Likazuka swali ambalo katiba haikulijibu. Kamati ya familia, yenye watu wengi, ilisema wakae wote pamoja, wapige kura moja. Wazee walisema la, kila kamati ipige peke yake, na mtu apite kama amekubaliwa na zote mbili. Kila upande ulijua ni njia ipi ingeufaa.

Gaudensia alijishika kichwa. Jambo hilihili alilijua. Aliliandikia sura nzima. Katiba ya Wamarekani ilisema tu kwamba bunge la jimbo litachagua maseneta. Haikusema kama nyumba mbili za bunge, ya juu na ya chini, zikae pamoja au kila moja kivyake. Kule New York nyumba mbili zilivutana juu ya jambo hilo hadi Seneti ya kwanza ikaanza kazi na viti vyao vitupu. Pennsylvania walikaa karibu miaka miwili na kiti kimoja kisicho na mtu. Alipokuwa akiwaandikia wenzake katiba, alikumbuka yote hayo, na akaamini kwamba watu wa Kilburn, wanaokula pilau sinia moja, hawatafika huko.

Wakafika. Majira ya baridi yakapita, na majira ya kuchipua yakakuta kiti bado wazi. Watu walianza kupishana barabarani bila salamu.

Jumapili moja Deus alikuja na samaki wake kama kawaida, lakini hakuenda jikoni. Akakaa.

"Dada Gau, hili jambo litaua umoja."

"Najua."

"Wazee hawatakukubali wewe, na familia hawatamkubali Mbarouk. Anatakiwa mtu wa katikati. Niweke mimi. Wazee wananiheshimu kwa sababu niliwahangaikia nyumba. Nikiingia, shule imeingia. Angel ni mwanangu, au sivyo?"

Gaudensia alimtazama. Alikuwa amechoka kwa ule uchovu wa mtu ambaye kwa miezi amekuwa jina la ugomvi. Kupata mtu wa kumkabidhi mzigo wake, mtu aliyeisoma hata tasnifu yake, kulimtoa machozi.

"Utaahidi mbele ya kamati?"

"Hata sasa hivi ukitaka."

Akajiondoa. Kamati ya familia ilinung'unika, ikamkubali Deus kwa sharti: apewe maagizo rasmi kwamba atatetea shule ibaki ukumbini siku za Jumamosi. Hata hilo lilitoka kwa Wamarekani wale wa kale; mabunge yao yalikuwa na desturi ya kuwapa maseneta maagizo ya jinsi ya kupiga kura, na kuna waliotii na waliopuuza. Deus alisimama, akanyanyua mkono, akasema ameyapokea. Siku iliyofuata wazee nao wakampitisha bila hata mmoja kupinga. Gaudensia alishangaa kidogo jinsi walivyolainika, akadhani ni uungwana.

Baraza lilikutana Kenton, katika chumba juu ya duka la Praful, mmoja wa wajumbe wa Kenton, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti na kwa hiyo hakupiga kura ila kura zikilingana. Wanachama waliruhusiwa kusikiliza. Gaudensia alikaa nyuma na Angélique, mapaja yao yamejaa kazi za watoto walizoleta kuwaonyesha wajumbe: michoro ya viungo vya mwili yenye majina ya Kiswahili, na insha fupifupi juu ya bibi na babu. Wajumbe wanne walizungumza, wawili upande huu, wawili upande ule. Akabaki Deus.

"Ndugu Deus," alisema Praful, "Kilburn inasemaje?"

Deus alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alizungumza vizuri, siku zote alizungumza vizuri. Akaisifu shule. Akamsifu mwalimu wake, "dada yangu Gaudensia," akamtaja jina. Halafu akasema kwamba ukumbi ni wa umma mzima, kwamba misiba haipangiwi ratiba, na kwamba baada ya kutafakari kwa dhamiri yake anaunga mkono wazee. Shule itafutiwe mahali pengine.

Kwa muda Gaudensia alidhani amesikia vibaya. Alimgeukia Angélique amwulize, akauona uso wake, akajua amesikia sawasawa.

Watu walipoanza kuinuka, Mzee Mbarouk alimjia, anatembea kwa fimbo, uso wake una upole wa mshindi asiyetaka kuringa. "Binti yangu, nakushukuru. Wachache wangekubali kama ulivyokubali wewe."

"Nimekubali nini, mzee?"

"Deus alipokuja kutuomba kura alituahidi Jumamosi. Alisema mmeyamaliza wawili nyumbani kwako, kwamba wewe umeridhika shule ihame, ila huwezi kutamka hadharani, kamati yako itakuchukia." Akamtazama zaidi. "Hukuyajua haya?"

Gaudensia alisema hapana. Mzee Mbarouk alitikisa kichwa. "Basi na mimi nimechezewa," alisema, "ila mimi nimechezewa nikapata."

Gaudensia alimkuta Deus kituo cha Kenton, amesimama jukwaani akingoja treni, kola ya koti ameinyanyua. Hakukimbia. Alimngoja amfikie.

"Jina langu," Gaudensia alisema. "Uliwapelekea jina langu."

"Dada Gau, nisingewaahidi wasingenipa kura. Kiti kingekaa wazi mpaka leo, na umoja ungekufa. Halmashauri ingeuchukua ukumbi, tungekosa wote. Ndivyo ulivyotaka?"

"Uliahidi kwangu. Ukaahidi na kwao."

"Na nilipofika nilitumia akili yangu. Wewe mwenyewe umeandika hivyo. Mjumbe si tarishi. Nimeisoma, unakumbuka? Mimi nimeisoma."

Hilo ndilo lililomkata kuliko yote. Kama angemtukana, angemrudishia tusi. Alikuwa amechukua kitu alichopewa kwa mapenzi, juu ya sinki la vyombo, na sasa alikuwa anampiga nacho.

"Niliandika kwamba anatumia akili," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Sikuandika kwamba anauza mechi kabla ya kuingia uwanjani. Umekula kwangu miaka yote, Deus. Ungeniambia tu. Ungesema, Gau, sitaweza. Ningekuelewa."

"Usingeelewa," Deus alisema. "Ungenishinda kwa hoja. Siku zote unanishinda kwa hoja."

Treni ikaingia, akapanda. Gaudensia alisubiri nyingine.

Kamati ya familia iliitisha kikao cha kumwondoa. Walizungumza kwa hasira sana, mpaka mtu mmoja akauliza ni kifungu gani kinachowaruhusu, na chumba kizima kikamgeukia Gaudensia. Ikabidi aseme yeye mwenyewe. Hakuna kifungu. Zamani, kabla ya katiba yao mpya, majimbo ya Marekani yaliweza kuwaita wajumbe wao nyumbani siku yoyote. Katiba mpya ikaiondoa nguvu hiyo. Wapo walioomba irudishwe kwa upande wa Seneti, wakashindwa. Yeye alikuwa amesoma hoja za pande zote mbili, akachagua za washindi.

"Basi tumefungwa kwa kamba yako, mwalimu," alisema mama mmoja, bila ubaya. Gaudensia aliitikia kwa kichwa.

Angélique ndiye aliyeiokoa shule, au sehemu yake. Alimwomba mchungaji wake kule Tottenham, wakapewa chumba nyuma ya kanisa. "Mwalimu, usilie," alimwambia. "Ule muntu alikudanganya wewe, lakini hakudanganya watoto. Watoto tuko nao." Hata hivyo wengi wa Kilburn waliacha, safari ilikuwa ndefu, na baadhi ya Waislamu hawakutaka watoto wao wasome kanisani. Angel alivumilia msimu mmoja. Alipotimiza miaka kumi, asubuhi moja ya Jumamosi, alikaa kwenye ngazi na viatu mkononi, akasema kwa Kiingereza kwamba haendi tena, kwamba rafiki zake wote wa shule ile hawapo. Kisha akauliza, "Kwa nini Anko Deus haji siku hizi?"

"Ana kazi nyingi," alisema mama yake.

Hakumlazimisha kwenda. Alipanda basi peke yake, akafundisha watoto wa watu wengine majina ya rangi na ya ndugu, na alipofika kwenye neno la baba wa ubatizo aliliruka.

Mwaka 2004 muhula wa wajumbe ulimalizika. Gaudensia alikuwa ameungoja mwaka huo. Alitaka kuona kamati zikimkatalia Deus uso kwa uso. Lakini Deus alikuwa mbele yake hatua nzima. Aliitisha mkutano mkuu, akapendekeza kamati zinyang'anywe kura na wanachama wote wachague wajumbe moja kwa moja. Alisimama katika ukumbi ule wa matofali, nywele zimeanza mvi, sauti ileile.

"Ndugu zangu, mnajua yaliyotokea Kilburn. Watu wachache chumbani wanapeana ahadi za pembeni. Utaratibu huu ndio unaozaa usaliti. Hata Wamarekani wenyewe waliuona ubovu wake, wakauacha."

Watu walipiga makofi. Usaliti wa Kilburn ulikuwa na jina, na mwenye jina hilo alikuwa ndiye anayeusimulia kama mvua iliyonyesha yenyewe.

Angélique alimsukuma kiwiko. "Simama, mwalimu. Uwaambie."

Alisimama. Ukumbi ukatulia, wengi walidhani atautetea utaratibu wake. "Anachosema ni kweli," alianza. "Wamarekani waliuacha, baada ya zaidi ya miaka mia, baada ya kuona viti vikikaa vitupu na kura zikinunuliwa. Mimi niliujua ubovu huo nikauleta hapa, kwa sababu niliwaamini watu. Kura ya wote ni bora. Nami nitaipigia." Akamtazama Deus. "Lakini utaratibu haukwenda kwa Mzee Mbarouk na jina langu. Alikwenda mtu."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazama sakafu, wengine wakakohoa. Ni jambo la miaka minne nyuma, na arusi nyingi nzuri zilikuwa zimefanyika ukumbini humo siku za Jumamosi. Mzee Mbarouk peke yake, safari hii akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, alisema kwa sauti, "Kweli tupu." Azimio likapita. Gaudensia aliinua mkono kulikubali, kama alivyosema. Uchaguzi ulipofanyika kwa kura ya wote, Deus alipita kwa wingi wa kutosha, kisha akawa mwenyekiti.

Walionana tena mara moja tu ya kutajika, mwaka 2007, dukani Kilburn, kwenye meza ya ndizi mbichi. Deus alimwona kwanza. Alikuwa amenenepa.

"Dada Gau. Hujambo?"

"Sijambo. Mama hajambo?"

"Mama tulimzika mwaka jana."

"Pole. Sikupata habari."

"Nilifikiri nikupigie." Akashika chane ya ndizi, akaiacha. "Angel yuko wapi siku hizi?"

"Anajiandaa kwenda chuo. Sheria."

"Anasema Kiswahili?"

Gaudensia alifikiri amjibu nini. Angeweza kumwambia kwamba bibi yake Bukoba alifariki bila kuwahi kuzungumza na mjukuu wake jambo lolote refu. Angeweza kumwambia kwamba mtoto bado anatunza picha ya ubatizo. Aliona kwamba lolote atakalosema, mtu huyu atalichukua, na hakutaka tena kumpa kitu.

"Anaelewa," alisema, akalipa ndizi zake, akatoka.